Nati Iliyotumbukia kwenye Injini

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, ingawa naona haya kuitikia: nimemaliza kidato cha nne juzi tu, ila babu yako ni kaka yangu. Hapa Kanyenye hatujambo.

Umeniuliza ufanyeje, maana umeharibu kitabu cha mwalimu naye hajui.

Nilipomsaidia fundi kufunga injini nyingine kwenye gari la safari la marehemu baba, nati iliniponyoka ikatumbukia kwenye tundu la hewa. Injini ikiwaka hivyo, imekufa. Nikanyamaza. Fundi akashika ufunguo aiwashe.

"Mwali, mbona kimya?"

"Usiwashe! Nati imo ndani."

Aliifungua upya siku mbili, bila kunigombeza. Alipomaliza, akanipa ufunguo.

"Washa wewe."

Kesho mwambie mwalimu, kisha uniandikie alivyosema.

Bibi yako mdogo,
Tatu