Mkwe Wangu na Mashine ya Kufyonza Vumbi

Sebuleni, Gangilonga, Iringa
3 Juni 1957

Kwako Baba wa Mika,

Shikamoo. Salamu hizi zinatoka sebuleni kuja jikoni, hatua kumi na nne, nimezihesabu. Mimi ni mzima. Hali yako naijua kwa kukohoa kwako. Kifua cha jana kimepungua, nashukuru.

Naandika kwa sababu sina njia nyingine. Mwaka mzima tumefanya kazi katika nyumba hii ya Wazungu, wewe mpishi, mimi wa vyumbani, ukinifundisha kukanda mkate na kunicheka kila mkate ulipokataa kuumuka. Kisha mwezi uliopita ng'ombe wanne wakafika kwa baba yangu, nikawa mchumba wa mwanao, na tangu siku hiyo desturi yetu Wanyakyusa inanikataza kukuona uso, kukusemesha, hata kutaja jina lako. Nimemwuliza Mika kama barua inaruhusiwa. Amejibu kutoka Mbeya kwamba karatasi haina macho.

Shangazi yake, Tupokigwe, naye ameniletea maneno. Anasema msichana wa darasa la nane hatamaliza miezi mitatu bila kumkodolea macho mkwe wake, na siku hiyo ng'ombe watarudi walikotoka na arusi ya Agosti itakuwa imekwisha. Maneno hayo nayatafuna kama mfupa.

Sasa memsabu, kabla ya kuondoka na bwana kwenda Mbeya, ameacha agizo: wewe utumie mashine mpya ya kufyonza vumbi, na mimi nikusomee kitabu chake cha Kiingereza. Wanarudi Jumamosi. Kukusomea siwezi, kwa hiyo nakuandikia na kuiweka barua chini ya kopo la sukari.

Usichomeke plagi ukutani mpaka umeunganisha kila kitu. Ndani ya tumbo la mashine mna mfuko wa kitambaa. Hakikisha umekaa sawa, maana vumbi lote linaingia humo. Mpira mrefu wa kuvutia vumbi unachomekwa mbele, penye kifuniko kinachong'aa. Huko ndiko mashine inakovuta, nyuma inapuliza. Usiiguse kwa mikono yenye maji. Usiifyonzeshe kitu cha majimaji wala chenye moto. Na kabla ya kuifungua, chomoa plagi.

Ni mimi, mkamwana wako,
Tusekile


Jikoni
4 Juni 1957

Mkamwana,

Marahaba, nami nakuamkia ugonile. Mimi sijambo, kifua ni moshi wa kuni tu. Wewe je, unakula? Maandazi niliyokuwekea nimeyakuta vilevile. Acha kutafuna maneno ya dada yangu. Utakonda, na Mika atanilaumu mimi.

Barua nimeisoma mara mbili. La plagi na maji nimekubali. La mfuko nimelikataa. Nimewapikia Wazungu miaka kumi na tisa, na kufagia nilianza kabla sijaota ndevu, lakini sijaona mtu mwenye akili akikusanya uchafu na kuutia mfukoni. Uchafu unatolewa nje, haukaribishwi ndani. Wewe mwenyewe umeandika kwamba nyuma inapuliza. Basi aliyeitengeneza mashine alijua kazi, ila aliyeandika kitabu hajawahi kufagia. Mpira nitauchomeka nyuma, nitafungua mlango, na vumbi litakwenda zake.

Nitaanza Alhamisi na meko ya sebuleni, maana majivu yamejaa. Ukisikia nimebisha mara tatu, toka uende chumba cha kupigia pasi.

Baba wa Mika


Sebuleni
5 Juni 1957

Kwako Baba wa Mika,

Shikamoo. Maandazi nimekula mawili.

Nakuomba mpira usiuweke nyuma. Na meko usiyaguse kabisa. Kwa baridi hii tunawasha moto kila jioni. Majivu ya juu yamepoa, lakini chini yake makaa yanaishi mpaka mchana. Yakipulizwa yataruka.

Zamani ningesimama mlangoni nibishane nawe mpaka ucheke. Sasa ukikosea nitakuwa upande wa pili wa ukuta, nikisikiliza tu. Hilo linanitesa kuliko unavyodhani.

Mkamwana wako,
Tusekile


Jikoni
5 Juni 1957, alasiri

Mkamwana,

Nimekusikia. Mkate leo umeumuka vizuri.

Baba wa Mika


Chumba cha kupigia pasi
7 Juni 1957

Kwako Baba wa Mika,

Shikamoo. Sijui hali yako. Tangu jana hujakohoa hata mara moja.

Ulibisha mara tatu, nami nikaenda chumba cha pasi kama ulivyoagiza. Nikasikia mashine ikinguruma, kisha wewe ukipaliwa, kisha nikasikia harufu ya sufu inayoungua. Nilijua ndoo ya maji ya kupigia deki iko karibu na meko, na nilijua utaikimbilia, na mashine bado ina umeme.

Toka pale hadi sebuleni ni hatua sita. Katika hatua hizo nilimfikiria shangazi, nikawafikiria ng'ombe, nikamfikiria Mika amesimama kanisani peke yake. Nataka ujue kwamba sikuingia kwa kusahau. Nilikumbuka yote, nikaingia. Nikasema, "Baba, weka ndoo chini." Nikachomoa plagi, nikalikanyaga kaa lililokuwa kwenye zulia, kisha nikakutazama. Sitasema sikukutazama. Nilitaka kujua kama u mzima.

Nimeshamwandikia Mika barua ya kumwambia yote. Ipo mfukoni mwa aproni. Sitaipeleka posta kabla hujanijibu, lakini kama hukumu yako ni ile ya shangazi, niandikie neno moja tu. Nitaelewa.

Tusekile


Jikoni
8 Juni 1957, asubuhi

Mwanangu,

Ugonile. Mimi mzima. Jana nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nasafisha masikio, kazi ya siku nzima.

Sikiliza. Ulipotoka, kabla sijaoga, nilipita mbele ya kioo cha memsabu. Nikamwona mzee mmoja mweupe kama aliyeangukiwa na gunia la unga, nyusi nyeupe, ndevu nyeupe, macho mekundu mawili. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika.

Uso huu ninao miaka hamsini na minane, na mimi mwenyewe sikuutambua. Wewe uliutambuaje? Dada yangu akiuliza, nitamwambia kwamba mkwe wako hujamwona. Uliona majivu, na majivu hayakupeleka ng'ombe kwa mtu.

Sauti ndiyo siwezi kuisingizia majivu. Uliniita Baba, nami nikaweka ndoo chini. Mika hajawahi kunisemesha hivyo nikamtii.

Barua uliyomwandikia itie kwenye meko, moto ukishawaka vizuri. Tundu la zulia nimelifunika kwa kiti cha bwana, kile kizito asichopenda kukisogeza. Mpira nimeuchomeka mbele, nimefyonza nyumba nzima, nikachomoa plagi, nikafungua mfuko. Kumbe miaka yote hii, na ufagio wangu, nilikuwa nimekaribisha uchafu mwingi.

Gari lao litafika saa nne. Kabla ya hapo nataka kupitisha mashine mara ya mwisho chini ya kabati. Nitabisha mara tatu. Ukisikia, usiende mbali.

Baba