Matabishi ya Mama Kahindo

Jumatatu, 5 Machi 2001

Nimepiga pasi toga tena, joho langu la mahakamani. Haina kesi, lakini ina mikunjo. Cheche ya mkaa imeruka ikatoboa pindo, kidogo tu, nimepashona. Tangu niapishwe kuwa mtetezi wa mahakama hapa Butembo nimeandika barua za mipaka ya mashamba na kugawanya mbuzi wa marehemu mmoja. Basi. Nataka kesi. Mungu anisamehe, kuomba kesi ni kumwombea mtu balaa.

Mama amerudi sokoni na maharagwe, na manung'uniko yake ya kila wiki. Kopo la Mama Kahindo limebonyea. Jipya lipi hapo? Yote yamebonyea. Wanawake wa sokoni wanapimia makopo ya maziwa ya unga, na kila kopo limegongwa kitako hadi kikaingia ndani. Unadhani umepewa kopo, umepewa kopo kasoro. Halafu Mama akacheka mwenyewe. Mama Kahindo alimwongezea matabishi, ile nyongeza ya bure, viganja viwili vya kujaa, na kingine juu yake "cha maître".

Maître ni mimi, ndivyo watetezi tunavyoitwa hapa. Nikiitwa hivyo kichwa kinavimba. Mama anasema kitapasuka siku moja na yeye ndiye atakayefagia.

Jumanne, 6 Machi

Nina kesi. Nina kesi! Wamemkamata Mama Kahindo.

Nina nusu hasira nusu furaha, na hiyo nusu ya pili inanitia aibu. Niandike kwa utaratibu. Wiki jana Madame mmoja alikuja kutoka Beni kufanya manunuzi. Mume wake ni mkubwa katika mouvement, hao waasi wanaotutawala. Akanunua kwa Mama Kahindo gunia la maharagwe, kopo baada ya kopo. Huko Beni akayapima upya kwa kopo lake jipya. Yakapungua. Jana jioni askari wamerudi na gunia, wamelikabidhi kwa polisi liwe kielelezo, na leo asubuhi Mama Kahindo amebebwa kutoka mezani kwake mbele ya soko zima. Meza imebaki hivyo hivyo, na kitambaa juu.

Kosa: kumdanganya mnunuzi. Limo katika kitabu cha sheria, na ni sheria nzuri, nilifaulu mtihani wake. Lakini kitabu hicho hicho kinasema polisi wasimshike mtu zaidi ya saa arobaini na nane bila kumfikisha kwa mwendesha mashtaka. Nimesoma kifungu hicho mara nyingi leo hadi Mama akasema anaweza kukiimba kanisani.

Yeye hakufurahi. "Mutu mwenye anatuibiaka maharagi, njo ule unaenda kutetea?" Nikamweleza kwamba mshukiwa si mwizi mpaka ahukumiwe hivyo. Akasema kopo lilishahukumiwa zamani. Halafu akafunga ugali wa bukari na mboga ya sombe katika majani, akanipa nimpelekee. Kacho, mahabusu ya polisi, hawalishi mtu.

Jumatano, 7 Machi

Nimemwona. Kacho ni chumba kimoja nyuma ya kituo cha polisi, sakafu saruji, dirisha la kupitisha mkono. Baridi ya Butembo mnaijua. (Mnaijua akina nani? Daftari hili halina msomaji.) Mama Kahindo amekaa juu ya kitenge chake kilichokunjwa, mnene, mtulivu, kama bado anangoja wateja. Neno lake la kwanza: "Maître, mimi hapana muizi."

Nikamwambia najua. Sijui kama najua.

Gunia nimelionyeshwa. Limesimama pembeni mwa meza ya inspekta, limefungwa kamba, lakiri nyekundu juu ya fundo. Zuri kabisa. Inspekta ni mtu wa tabasamu. Anasema kuna gharama za kacho, mshukiwa akizilipa mambo yatalainika. Nikamsomea kifungu cha saa arobaini na nane kwa sauti ya mahakamani. Akasikiliza hadi mwisho, kwa heshima.

"Maître, ile sheria yako iko Kinshasa. Hapa ni Butembo."

Nikamuuliza, na kodi ya sokoni, hiyo imefikaje? Polisi wawili wakacheka. Yeye hakucheka. Nimejipenda kwa jibu hilo njia nzima hadi nyumbani.

Polisi hawa hawajaona mshahara tangu vita vianze. Uani walikuwa wanapika maharagwe kwa mawese. Yalinukia vizuri mno. Sikuwa nimekula.

Alhamisi, 8 Machi

Saa zimetimia leo. Nimevaa toga, nimekwenda kwa mwendesha mashtaka. Hayupo. Yuko kwenye siku ya wanawake.

Barabara nzima imejaa wanawake wa vitenge vya sare, kwaya za Wakatoliki mbele, zetu za Waprotestanti nyuma, wauzaji wa sokoni katikati na mabango ya haki za mama. Mabango! Na mwenzao yuko kacho mita chache kutoka hapo, anazisikia ngoma. Nikasimama ukingoni na toga yangu, na wengi wakadhani ni sehemu ya sherehe. Mmoja akanipigia vigelegele.

Nimeliona jukwaa la wakubwa. Nikapanda. Nikamwambia mwendesha mashtaka sikioni kwamba kuna mwanamke mmoja anayeshikiliwa kinyume cha sheria, na kwamba leo ni siku nzuri ya kulishughulikia jambo hilo. Akaniambia hapa si mahali pake. Nikamwambia kesho asubuhi nitakuwa mlangoni kwake kabla ya mfagiaji.

Mama aliniona kutoka kwenye kwaya. Anasema nilikuwa kama kunguru juu ya ukuta wa misheni. Alisema kwa fahari, nadhani.

Ijumaa, 9 Machi

Nilimtangulia mfagiaji. Mwendesha mashtaka amenisikiliza. Amekubali kwamba siku zimepita. Lakini hakumwachilia, anamwogopa Madame, hata hakuficha. Amefanya njia ya katikati: kesi inakwenda Beni, mbele ya hakimu, wiki ijayo. Mama Kahindo atapelekwa Jumatatu na gunia lake.

Hakimu! Sikio la mtu aliyesoma! Nimeruka ruka nje ya ofisi kama mtoto wa darasa la kwanza. Halafu nikakumbuka kwamba huko Beni ndiko Madame anakaa. Hapo nikaacha kuruka.

Jumapili, 11 Machi

Ibada ndefu. Sijasikia neno. Nimepanga hoja zangu wakati wa mahubiri. Hoja kuu: soko zima lina kopo lile lile. Wafanyabiashara wa Alimbongo wanaowauzia akina mama hawa maharagwe wanapimia kopo lililobonyea pia. Mama Kahindo anapunjwa, naye anapunja. Je, ni yeye pekee wa kufungwa?

Nilimjaribia Mama hoja hiyo wakati wa chakula. Akasema mwizi aliyeibiwa bado ni mwizi, ila ana njaa zaidi. Nimeikata hoja.

Jumatatu, 12 Machi

Beni! Nimefika. Mgongo umevunjika.

Nilisafiri juu ya lori la viazi. Kwenye kizuizi cha Kalunguta askari walipekua mizigo yetu, wakaitoa toga, wakaitandaza. Nyeusi, ndefu, kola nyeupe. Nikajua imekwenda. Kumbe mkubwa wao akavua kofia. "Mama pasteur," akaniambia, kwa kunidhania mchungaji, niwaombee, kwa sababu kesho wanapelekwa mbele vitani. Nifanye nini? Nikawaombea. Niliomba kwa moyo wote, walikuwa vijana. Wakaikunja toga vizuri kuliko nilivyoikunja mimi, na lori likapita bila kutoa kitu. Abiria wote wameniita pasteur hadi Beni.

Hapa joto. Nalala kwa dada wa kanisa. Kesi Jumatano.

Jumanne, 13 Machi

Siku mbaya. Niandike upesi.

Nimeongea na Mama Kahindo gerezani. Nikamuuliza wazi: gunia likipimwa kesho mbele ya hakimu, litapungua? Akasema ndiyo. Hivyo tu. Litapungua.

Nikamuuliza, na sisi wengine je, umetupunja miaka yote? Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Akanieleza kama unavyomweleza mgeni. Kopo limebonyea, kila mtu anajua, ndiyo maana kuna matabishi. Viganja viwili vinarudisha kile kilichochukuliwa na kitako. Amewahi kupima mwenyewe, inatimia, mara nyingi inazidi. "Kopo inakula, mukono inarudisha," akasema.

Basi kwa Madame mkono ulikuwa wapi?

Madame alifika mezani, akashika pua, akawaambia askari wake kwamba wanawake wa Butembo wananuka moshi. Mama Kahindo akapima. Kopo baada ya kopo, gunia zima. Hakuongeza hata punje moja. Matabishi ni moyo, akasema, na kwa yule moyo haukutoka. Anataka kusimama kesho aseme hivyo hivyo mbele ya watu wote. "Nitasema: nilimunyima matabishi. Sikumuibia."

Nimemkataza. Mshukiwa ana haki ya kunyamaza, nikamwambia, na kesho utaitumia. Sheria haijui matabishi. Ukisema ulimnyima, umekiri. Akabishana, nikapandisha sauti, mimi, kwa mtu mwenye umri wa mama yangu. Mwisho akainamisha kichwa. Sawa, maître.

Yaani Madame alipunjwa kweli. Mwanamke huyo simpendi kabisa, na ana haki.

Jumatano, 14 Machi

Tumeshinda! Tumeshinda! Kalamu inateleza.

Mahakama imejaa. Madame mstari wa mbele, kopo lake jipya mapajani, limeng'arishwa. Inspekta amekuja na gunia. Hakimu ni mzee mkavu, miwani imefungwa kwa uzi. Mimi natoa jasho ndani ya toga. Hakimu akasema hakuna haja ya maneno mengi, kielelezo kipo, kipimwe. Ndicho nilichokiogopa usiku kucha. Lakiri ikakatwa. Karani akainua gunia amimine.

Vikaanguka viganja vichache vya maharagwe. Halafu mchanga. Mchanga mwingi, na mawe matatu ya jikoni.

Halafu mtu mmoja nyuma akacheka, na jengo zima likafuata. Ndipo nikakumbuka harufu ya mawese uani! Walikula kielelezo! Inspekta akasema panya. Hakimu akamuuliza kwa upole kama panya hao ndio pia waliofunga tena kamba na kuyeyusha lakiri. Tabasamu la inspekta nililitafuta, halikuwepo.

Nikasimama. Sijui nilisimamaje. Nikasema hakuna kielelezo, kuna shaka, na shaka ni mali ya mshitakiwa. Nikasema alishikwa Jumanne ya wiki jana na hakufikishwa kwa mtu yeyote ndani ya saa zilizowekwa. Nikasoma kifungu. Hakimu alikuwa anakijua kwa moyo, midomo yake ilitembea pamoja na yangu. Sheria ya Kinshasa, Beni, katikati ya vita, midomo miwili. Nilitaka kulia.

Ameachiliwa. Gharama za kacho, hakuna. Inspekta ataandikiwa barua ya onyo. Lakini hakimu akaongeza kwamba mnunuzi naye analindwa: kopo la Mama Kahindo linyooshwe kitako, na kuanzia leo apimie kopo sawa. Madame akatoka na kopo lake bila kuaga.

Mama Kahindo alinyamaza tangu mwanzo hadi mwisho, kama nilivyomwagiza.

Alhamisi, 15 Machi

Tumerudi. Mvua, matope, lori limekwama mara mbili. Kwenye kizuizi cha Kalunguta askari ni wengine. Sikuuliza wale wako wapi.

Mimi nilisema njia nzima. Nikamsimulia kesi yake mwenyewe, na mchanga, na panya. Abiria walicheka sana. Yeye aliangalia barabara. Tulipoona mabati ya Butembo ndipo akasema, taratibu, bila hasira:

"Umenifungua, maître. Lakini hapana kunisafisha. Batu batasema nimetoka juu ya vile polisi balikula maharagi."

Nikamwambia mbele ya sheria yeye ni safi. Akafunga kitenge vizuri kichwani. Kweli mjini habari ilishatangulia. Watoto wanamwimbia wimbo wa panya.

Nimeshinda kesi yangu ya kwanza. Nalirudia neno hilo hapa nilione.

Jumamosi, 24 Machi

Mama amenituma maharagwe. Miguu inamuuma, anasema.

Mama Kahindo yupo mezani kwake. Kopo limenyooshwa kitako, alama za nyundo zinaonekana. Ana kijiti cha kusawazishia. Mwanamke aliyenitangulia alinung'unika kuhusu matabishi, akaonyeshwa kopo: angalia chini, iko sawa. Akaondoka akisonya.

Zamu yangu. Tukasalimiana vizuri. Akachota, akasawazisha kwa kijiti, akamimina katika kikapu changu. Nikaendelea kukishika wazi. Mkono wenyewe ulifanya hivyo, ni mazoea.

"Imetosha, maître," akasema. "Njo sheria."

Nyumbani Mama aliyamimina katika kopo letu la jikoni, lile ambalo halijagongwa. Yamejaa hadi ukingoni, sawasawa, hakuna punje iliyopungua. Maisha yake yote alikuwa anadai kopo kama hilo. Halafu akaniuliza nimemkosea nini Mama Kahindo.

Nikavuta ungo, nikaanza kuyachambua mawe.