Shangazi na bei ya kikapu

Shoga, acha unachofanya usome. Shangazi kanimaliza leo.

Unamjua akiingia sokoni. Sasa huku ugenini kaona kikapu chekundu mikononi mwa bwana mmoja, kasimama mlangoni pa duka la zawadi. Akamuuliza bei kwa ishara. Bwana akafumbua viganja mara mbili: ishirini. Shangazi akanyoosha vidole vinane.

Vinane, shoga. Na Kiswahili chake kile kile, huku anaugusa mshono na kuutikisa mpini: "Baba, mshono umelegea huu. Mpini unacheza. Unaniona mtoto?"

Bwana anakigeuzageuza kikapu, uso umemshuka.

Mara mwenye duka akatoka ndani na chenji ya yule bwana.

Hakuwa muuzaji. Ni mtalii kama sisi, kashanunua kikapu chake, anangoja chenji. Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini bwana akaikataa chenji. Akamwonyesha mwenye duka mshono, akautikisa mpini, akanyoosha vidole vinane. Kakipata kwa kumi.

Kumbe tuko hoteli moja. Sasa hivi yuko mapokezi na orodha ya zawadi za ukoo wake mzima, anamsubiri Shangazi.

Shangazi anasema anakwenda kumsaidia tu.

Sawa. Ila wanja wangu siuoni.