Foleni Tuiweke Tunapoiona

Alhamisi, saa nane na nusu mchana. Mvua ya masika imekatika sasa hivi na Korogwe yote inanuka udongo. Viatu vyangu vina tope la kwetu Ngombezi mpaka kwenye visigino. Nina hasira, lakini ni ile hasira iliyotulia, isiyonitoa machozi.

Tangu Jumatatu kuna bango mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Mwalimu Mhina, anayetufundisha somo hilo, aliliandika kwa mkono wake: kuanzia wiki ijayo wanafunzi hawaruhusiwi kutumia mtandao, kwa sababu tunakwamisha kazi za ofisi. Tutabaki kujifunza kuchapa barua.

Shajara hii naiandikia humu, kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni. Nyumbani hatuna kompyuta, na umeme wa kambini kwetu, kambi ya wafanyakazi wa mkonge, huja unapotaka wenyewe. Bango likibaki, na mimi nimekwisha hapa.

Wenzangu walinuna siku moja, kisha wakazoea. Mimi nimekataa kuzoea.

Nimekataa kwa sababu si kweli. Mimi ndiye kiranja wa chumba hiki. Nafagia, nafunika mashine kwa vitambaa, na kwa wiki mbili nimekuwa nikipima. Unatuma pakiti moja ndogo ya data nje ya shule, unahesabu muda mpaka irudi. Ofisi ikiwa kimya, inarudi kabla sijapepesa. Wanafunzi wakijaa kwenye kompyuta zote nane, inachelewa kidogo tu. Lakini Dada Rehema, katibu muhtasi, akianza kutuma picha za fomu za watahiniwa, inachukua sekunde nne, tano. Hata nikiwa peke yangu chumbani.

Picha zile ni kubwa na njia yetu ya kutokea ni nyembamba. Zinajipanga ndani ya boksi la antena juu ya paa, na boksi lile halijui kusema basi. Linapokea tu na kupanga. Ombi langu dogo la kufungua ukurasa linakwenda kusimama nyuma ya picha zote hizo. Naye Dada Rehema akiona kimya, anadhani hazikwenda, anabonyeza tuma tena. Na tena. Foleni anairefusha kwa mkono wake mwenyewe.

Hayo yote niliyajua, ila sikuweza kumwambia mtu. Nikisimama mbele ya watu naishia kutazama viatu.

Dawa yake niliiona kwenye mashine ya kusaga, kule kwetu. Mzee Saidi, anayeiendesha, hamruhusu mtu kuacha gunia kwenye mdomo wa mashine. Magunia yote hukaa barazani, anapoyaona. Anasaga debe moja la mwenye magunia, anamwita mwenye sado, kindoo kidogo tu, kisha debe jingine. Jumapili mama mmoja mwenye magunia matatu alimjia juu.

"Mzee Saidi, mimi nimefika hapa alfajiri!"

"Na unga wako utaupata, mama. Ila huyu anakwenda kupika uji, wewe unakwenda kuuza."

Nilikuwa nimesimama pale na sado yangu ya mahindi, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jumanne nilimpa Mwalimu Mhina ombi langu la kuipanga foleni ya mtandao, kwa maandishi, maana mdomoni lisingetoka. Nilisema shikamoo, nikanyoosha karatasi. Aliisoma akiwa amesimama.

"Foleni ziko benki, Mwanaidi. Huku ni mtandao."

Hata hivyo aliniruhusu kuigusa ile kompyuta kuukuu inayokaa kati ya mashine zote za shule na antena. Labda alitaka niiharibu apate sababu ya pili.

Nilifuata kitini nilichokuwa nimechapisha kutoka mtandaoni. Kila kompyuta nikaipa mstari wake, ya ofisi ikiwemo, zipokezane zamu, na vipakiti vidogo vipishwe. Kisha nikakosea. Penye kasi nikaandika kasi yote tuliyoahidiwa na kampuni ya mtandao, kwa sababu sikutaka tupoteze hata tone. Jana Dada Rehema alituma picha na mambo yakawa yaleyale. Hatibu, anayekaa nyuma yangu, akapiga mluzi.

"Pisheni, trafiki kaja!"

Darasa zima likaangua kicheko. Tangu jana naitwa Trafiki.

Nilirudi nyumbani kwa miguu katikati ya mkonge, nikiwaza na kuona aibu kwa zamu. Nilipofika kwenye reli ndipo nikaelewa: nilikuwa nimeacha magunia kwenye mdomo wa mashine! Kasi ya kuahidiwa si kasi tunayopewa. Tukisukuma yote, foleni inaendelea kujijenga kule kwenye boksi la paani, ambako sina sauti. Inabidi tusukume chini kidogo ya kile tunachopewa kweli, ili foleni ibaki kwenye mashine yangu. Barazani, ninapoiona.

Leo asubuhi nimepunguza. Mwalimu Mhina akanikuta.

"Unapunguza kasi ili mtandao uwe mwepesi? Umekula wewe?"

"Nimekula, mwalimu."

"Basi ipe ofisi nafasi yote ya kwanza. Nyinyi mfuate ikimaliza."

"Hapana, mwalimu."

Sijui lilitoka wapi. Sijawahi kumwambia mwalimu hapana. Nilitazama tope la viatu vyangu nikaendelea kwa sauti ndogo: zamu kwa zamu, ofisi na sisi, na picha zitafika zote, labda zitachelewa dakika chache. Mwalimu akatoa sharti. Kipindi cha mwisho kompyuta zote nane zijae, na Dada Rehema atume picha zote zilizobaki. Tukikwama, bango linabaki na ukiranja navuliwa. Tusipokwama, atalibandua mwenyewe.

Ndicho kipindi hiki.

Nimemwomba Dada Rehema kitu kimoja: abonyeze tuma mara moja tu, halafu aondoe mkono. Amenicheka. Lakini namwona dirishani, amekunja mikono kifuani kama mtoto aliyekatazwa kushika sufuria.

Nusu ya picha zimekwenda. Napima, na pakiti yangu inarudi haraka karibu kama ofisi ikiwa kimya. Hatibu yuko kwenye matokeo ya mpira, anafungua ukurasa juu ya ukurasa.

"Trafiki, huku kijani!"

Nimetabasamu, nikapima tena.

Sasa Dada Rehema ameita kutoka ofisini kwamba zimeisha, zote, na hakuna aliyekwama. Mwalimu Mhina amekohoa. Anasema mtandao umetulia kwa sababu mvua imekatika.

Haya, na iwe mvua. Mvua haikuandikwa kwenye sharti. Nikigeuka namwona mlangoni: kona tatu za bango zimeachia, ya nne gundi imeshika, anaikwangua kwa ukucha. Siendi kumsaidia.

Kesho asubuhi mstarini wakiuliza kwa nini bango limeondoka, nitasema ni foleni. Nitazame viatu nisitazame, nitasema.