Kaseti ya Mirza

Delhi, 9 Oktoba 1976

Mjomba wangu Sabur,

Nakuamkia kwa heshima zote. Goti limepoa? Na kifua je, maana baridi ya Kabul sasa inabisha hodi? Mimi sijambo, ila wapishi wa chuo chetu cha uuguzi wana ugomvi na matumbo yetu, na hatujui tuliwakosea nini.

Aliyekuletea barua hii ni Haji Miraj, mfanyabiashara wa zabibu. Amekubebea na mzigo: rekoda ya kaseti, ile ndogo ya kutundika begani kwa mkanda, pamoja na betri zake. Usiikunjie uso kwanza. Ukibonyeza kitufe chekundu pamoja na cha pembeni yake, inanasa kila inachosikia. Ukibonyeza cha pembeni peke yake, inakurudishia. Nimeinunua kwa ajili ya Mirza. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba kipozamataza wako huyo amezeeka, na kwamba hakuna ndege mwingine Kabul anayezijua zile sauti nane alizorithi kwa ndege wa babu. Basi mnase kabla hajanyamaza.

Kaseti mbili ni tupu. Ya tatu, yenye karatasi nyekundu, nimezungumza mimi, nusu saa nzima. Tangu mkeo atutoke najua nyumba imepooza.

Halafu nina swali linaninyima raha: Mirza akisikia sauti yake ikitoka ndani ya mashine, atajua kuwa ni yeye?

Mpwa wako,
Nilab


Kabul, 20 Novemba 1976

Nilab mwanangu,

Barua imefika, mzigo umefika, na Haji Miraj amekunywa birika zima la chai kuwa ndiyo nauli. Goti bado linauma, lakini siku hizi linauma kwa adabu. Wewe unalala vizuri? Una soksi?

Siku tatu sikuigusa mashine yako. Ya nne nikajifanya naifuta vumbi. Ya tano nikamnasa Mirza, sauti zote nane: kware, korongo, mbayuwayu, na nyingine unazozijua, mpaka ile ya nane, ya kipanga. Nikamchezea. Jibu la swali lako ni kwamba hajitambui hata kidogo. Alivimbisha manyoya, akamjibu yule wa kwenye mashine neno kwa neno, na kaseti ilipoisha akatembea kizimbani kifua mbele. Mpaka leo anaamini alishinda.

Ijumaa nikaipeleka kwenye mgahawa wa chai, benchi letu la wenye ndege. Khalifa Yasin, yule muuza mishikaki ambaye neno lake ndilo sheria pale, akaniona nayo begani. "Sabur, hongera! Lakini mke mpya mbona hana miguu?" Walicheka mpaka ndege wakanyamaza.

Nimenunua kinda. Nimemfunika kitambaa kando ya Mirza, ajifunze baridi hii hii, maana masika yakifika sikio lake linafunga. Na sheria yetu unaijua: ndege akichanganya sauti ya kigeni, ya paka, ya mlango, ya mtu, huyo ni mchafu, na haketi tena na wenzake asije akawaambukiza. Kwa hiyo kaseti yako ya maneno nimeifungia sandukuni. Usinune.

Mjomba wako,
Sabur


Kabul, 2 Januari 1977

Nilab mwanangu,

Natumaini u mzima. Hapa theluji imefika dirishani.

Mirza amekufa. Nilimkuta asubuhi amelala ubavu, miguu imekunjwa. Kinda amejua sauti tatu tu. Miaka arobaini ya kazi ya babu yako na yangu mimi sasa iko ndani ya utepe mwembamba kuliko kamba ya kiatu. Naogopa, mwanangu. Nitumie betri.

Mjomba wako,
Sabur


Delhi, 3 Februari 1977

Mjomba wangu,

Pole sana. Nimemlilia Mirza bwenini, na wenzangu wakadhani nimefiwa na mtu. Vipi afya yako? Unakula au unamlisha kinda tu?

Betri ishirini anazo Haji Miraj. Zipashe moto kwapani kabla ya kutumia, baridi inazichosha. Usimchezee kinda kutwa nzima, utepe utalika. Sasa niambie: anakaa upande gani wa mashine? Anamtafuta Mirza nyuma yake? Amefika sauti ya ngapi?

Na ile kaseti yangu? Sheria naijua. Nauliza tu, hata dakika tano hukuisikiliza?

Mpwa wako,
Nilab


Kabul, 9 Aprili 1977

Nilab mwanangu,

Salamu za mwaka mpya wetu wa masika, na nisamehe ukimya. Mwili u mzima. Moyo ndio umechelewa kuandika.

Nilikudanganya. Kaseti yako niliitoa sandukuni juma lile lile ilipofika. Kila adhuhuri nilimpeleka kinda jikoni, nikamtupia blanketi asisikie, nikafunga mlango, nikala chakula changu sebuleni huku unaniambia habari za Delhi. Nilijiambia ni leo tu. Nimejiambia hivyo miezi minne.

Ijumaa ya tarehe ishirini na tano mwezi uliopita nilimpeleka kinda mgahawani. Nikafunua kitambaa. Akaanza na kware, akaja korongo, watu wakaweka vikombe chini. Mzee mmoja akanong'ona, "Mirza huyo!" Saba zikapita safi, na mimi machozi yananitoka. Kwenye ya nane hakupiga kipanga. Alipiga mluzi. Ule wako, uliomalizia nao kaseti ulipoishiwa maneno, wa kuniita nishuke darini nije kula, ulipokuwa na miaka tisa.

Na mimi, mwanangu, mbele ya benchi zima, nikasimama nikaitika, "Nakuja!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Khalifa hakucheka. Aliwaambia wote wafunike vizimba vyao upesi. Kisha akaniita pembeni. "Sabur, mwachie huru mashambani leo, na nafasi yako ipo pale pale. Ukimrudisha nyumbani, ukae naye huko huko."

Miaka thelathini na moja nimeketi benchi lile. Nilitembea na kizimba mpaka mashambani, nikafungua kijilango, nikamwangalia. Akapiga mluzi. Nikakifunga.

Nilirudi nikampa Khalifa kaseti ya Mirza, akafundishie kinda mwingine, kwa mtu ambaye nyumba yake haina haja ya maneno. Aliipokea kwa mikono miwili na kuigusisha machoni. Sauti za babu hazitapotea, ila hazitakuwa tena za nyumba yetu. Hilo limeniuma na litaendelea kuniuma.

Jana Ijumaa nilikunywa chai nyumbani. Kaseti yako imechakaa, katikati unasikika kama unazungumzia ndani ya mtungi. Nitumie nyingine, ujaze pande zote mbili. Tunaosikiliza sasa ni wawili.

Mjomba wako,
Sabur