Nilitoa Ushuhuda Kwamba Meneja Amepona

Mpendwa Mshauri,

Salamu nyingi katika jina la Mungu wetu. Hujambo, na wa nyumbani kwako hawajambo? Yale mafua tuliyoyasikia sautini mwako redioni wiki iliyopita yamekuachia? Mimi mwili ni mzima ila moyo ndio mgonjwa, naomba msaada wako.

Mimi ni dobi, mjane wa miaka hamsini na mbili, na nyumbani tuko wawili tu, mimi na mbwa aliyeachwa na marehemu mume wangu, wateja wanamwita Meneja kwa sababu hulala mlangoni na kumkagua kila anayeingia na mzigo wa nguo. Mwaka jana alianza kujikuna, Mshauri, alijikuna mpaka manyoya ya mgongoni yakaisha na ngozi ikatoa maji, nami nikipiga pasi namsikia anagonga sakafu kwa mguu, gu gu gu, mpaka nikaunguza shati la mwalimu wa watu. Daktari wa mifugo, binti mdogo lakini kazi anaijua, akasema ni mzio, yaani mwili unapigana na kitu kisicho adui, akanipa vidonge vya steroidi na kuniambia, "Mama, kimoja asubuhi akishakula. Atakunywa maji mno na kukojoa mno, usishangae. Kupunguza tutapunguza pamoja, taratibu. Usikate ghafla."

Wiki haikuisha Meneja akaacha kujikuna. Zile siku zilikuwa kama ndoto ya mchana: shuka nyeupe zinapepea uani, jua linapenya ndani yake, naye mzee mzima anapita katikati kama mtoto, anatokeza huku, anapotelea kule, na mvuke wa pasi unanizunguka mpaka nahisi marehemu amesimama kizingitini anatucheka. Miezi minne nimeishi humo. Basi Jumapili, kwenye ibada, wakati wa shuhuda, miguu ikaniinua yenyewe, nikasema Mungu amemponya mbwa wangu kwa maombi matupu, bila dawa. Hayo maneno "bila dawa" sijui yalitoka wapi, yalitoka tu, matamu, watu wakapiga makofi, na wifi yangu aliyekaa kiti cha nyuma akaniinamia sikioni, "Bila dawa, wifi? Na ile chupa iliyo dirishani kwako ni ya pilipili?"

Nilirudi nyumbani njia nzima natazama chini, nikaona namna ya kuufanya ule uongo uwe kweli ni moja, nikavimwaga vidonge vyote chooni. Leo ni Alhamisi. Meneja hajikuni, lakini tangu jana hali chakula, ametapika mara mbili, miguu inatetemeka kama ya kiti kibovu, na wateja wakiingia hainui hata kichwa. Nafunga na kuomba. Nikienda kwa daktari ataniuliza vidonge viko wapi, na nikirudia dawa nitakuwa nimeukana ushuhuda wangu mbele za Mungu. Nifanye nini? Barua hii nimempa mlinzi wa lango la redio kwa mkono wangu. Tafadhali nijibu upesi, redio iko juu ya kabati la nguo safi, sitaizima.

Mimi, Mama Dobi.

Jibu la Mshauri

Mafua yameondoka, Mama Dobi, asante. Barua yako imenikuta naanza kipindi, na zile nilizopanga kusoma nimeziweka kando. Kwanza nimempigia simu daktari mmoja wa mifugo, kwa hiyo haya sibahatishi.

Vile vidonge havikuuondoa mzio wake, viliutuliza. Mwili wa mbwa, kama wako, hujitengenezea kitu cha namna hiyo katika tezi mbili ndogo zilizo karibu na figo. Ukimpa kile cha vidonge miezi minne, tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Ndiyo maana hupunguzwa kidogo kidogo, zipate muda wa kuamka. Wewe umeondoa vidonge tezi zikiwa bado usingizini. Hiyo si adhabu ya Mungu wala upungufu wa imani yako. Ni mwili ulioachwa mikono mitupu, na Meneja anaweza kufa.

Nikugombeze kidogo, dada yangu. Mungu hakukutuma useme "bila dawa". Uliongeza mwenyewe, halafu mbwa ndiye anayelipishwa. Doa likitoka kwenye shati, si unamshukuru Mungu na sabuni umeitumia?

Usimpe kidonge cha kuazima wala dawa ya maumivu ya watu. Ukifika kwa yule binti daktari, mwambie: miezi minne, kimoja kila asubuhi, nilikata Jumapili, nilivimwaga. Basi. Atajua pa kuanzia, na ameshasikia makubwa kuliko hayo. Jumapili simama tena umalizie ushuhuda wako, chupa ikiwemo. Wifi akicheka, acheke, naye alijua akanyamaza mbele ya watu.

Lakini hiyo ni Jumapili. Sasa hivi chomoa pasi. Mfunge Meneja kwenye shuka, hata kama ni ya mteja. Na hiyo redio uliyoapa hutaizima, izime, Mama Dobi, uende.