Neno "Bora" Ulilolisikia

Mpendwa mama,

Shikamoo. Nimeketi sebuleni kwako hapa Mbinga. Hii ni wiki ya tatu tangu tukuzike, na bado sijalia. Dada ananiuliza kama naumwa. Siumwi, mama. Nimekufa ganzi tu.

Unaikumbuka insha yangu ya darasa la tano? Ulikuwa umetandaza usipa uani, wale samaki wadogo uliowafuata ziwani kwenu, unachambua. Nikakusomea: "Mama yangu anauza samaki wabora." Mkono wako ukasimama.

"Futa hiyo 'wa'. Bora halibadiliki. Samaki bora, kitu bora, watu bora."

Kiswahili hakikuwa lugha yako ya kwanza, wala ya baba. Wewe Mnyasa, yeye Mmatengo, mkakutana kwenye Kiswahili; labda ndiyo maana ulikichunga sana. Sokoni wenzako waliita "Usipa bora! Usipa bora!" Wewe ulisema wazuri, na wakiwa na mchanga ulimwambia mteja awaoshe mara mbili. Nilipokuuliza kwa nini, ulinijibu, "Wazuri wapo wengi. Bora ni yule asiyezidiwa."

Ile maana nyingine ya bora, ya kuchagua kati ya mabaya mawili, hukunifundisha. Niliitumia mwenyewe.

Ilikuwa wodini, siku uliyokataa uji. Nilisimama dirishani nikiongea kwa simu na dada aliyekuwa Songea. Nikasema, "Bora apumzike tu." Kugeuka, uko macho, unanitazama.

"Mama, sikuwa na maana..."

"Nipe maji."

Nikakunywesha. Hukuligusa tena jambo lile. Kesho yake dada alifika, akanilazimisha nirudi nyumbani nikalale. Nikiwa nimelala, ukaondoka.

Leo asubuhi tulipokuwa tunakunja nguo zako, nilimwambia dada kwamba ulinisikia. Akasema, "Najua. Nilipofika, ulikuwa umetoka kuchukua maji ya moto. Mama akaniambia, 'Nilimsikia mdogo wako kwenye simu. Hajalala siku nne. Mrudishe nyumbani, na usimgombeze.'"

Nilidhani hapo machozi yatakuja. Hayakuja. Nilichukua kitenge kingine, nikakikunja, nikakiweka juu ya vingine. Dada akashika mkono wangu, nikauacha hapo hapo mkononi mwake.

Pumzika, mama.

Binti yako mdogo